Ukurasa Mtupu Nao Umelipiwa

Pesa imefika ndani ya unga.
Mama huikunja mara nne, huifunga kwa kipande cha kitenge kuukuu,
huizika katikati ya mfuko,
kisha humkabidhi dereva wa Walungu bila kumwambia kitu.
Ujumbe ni ule ule: "Nabintu auchekeche mwenyewe."
Nauchekecha.
Ishirini. Kumi. Tano.
Nazipuliza, zinapiga chafya nyeupe.

Ile kumi ina mpasuko,
mdogo, kama ukucha wa mtoto wa wiki moja,
lakini hapa Bukavu dola haina ruhusa ya kuugua.
Muuza makala ataiinua juani,
ataipapasa ukingo hadi ukingo,
atanirudishia kwa vidole viwili
kana kwamba nimempa panya.

Basi, hesabu.
Chumba cha Kadutu, tuko watatu, fungu langu dola nane.
Makala tunagawana kwa bakuli,
na Ntakwinja akitaka kupika maharage anadai bakuli la nyongeza,
maana maharage, asema, hayana huruma.
Sabuni. Mishumaa, kwa sababu umeme wetu ni mgeni wa heshima:
huja usiku wa manane
na huaga kabla hatujampa kiti.
Sambaza za franka elfu moja, Jumamosi.
Siku nyingine sombe, na sombe, na sombe.
Jumapili nimeandika: tutaona.
Pikipiki sipandi.
Mlima huu unanijua kwa magoti.

Halafu silabi.
Silabi ya Uhasibu, kurasa mia na arobaini, dola kumi,
haikopeshwi, hairuhusiwi kopi.
Asistanti ana orodha,
na ambaye jina lake halina alama
siku ya mtihani atajieleza mwenyewe.

Nilimpa ile kumi.
Akainyoosha juu ya meza, akaipeleka dirishani,
mwanga ukapenya kwenye kidonda.
"Hii hapana, dada."
Foleni nzima nyuma yangu
ikaiona noti ya mama.

Pale Nyawera, chini ya mwavuli,
yuko mbadilisha pesa anayepokea majeruhi.
Kwa kumi alinihesabia nane.
"Mbili za hospitali," akasema, nami nikacheka,
nikacheka kweli, hadi nilipofika kwenye ngazi
nikakumbuka kwamba mbili ni Jumamosi tano za sambaza.

Nimelipa. Nimepewa alama.
Toa chumba, toa silabi: zimebaki kumi na tano
na mwezi bado mchanga.

Mama hahesabu kwa dola, anahesabu kwa mabeseni.
Silabi hii ni mabeseni manne ya muhogo,
kung'oa, kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga.
Ndiyo maana siwezi kusoma kama wenzangu.
Nasoma jalada. Nasoma anwani ya mpiga chapa.
Ukurasa wa sitini umechapwa mara mbili
nami nimeusoma mara mbili.
"Na nambari za kurasa je, unazikariri?" Ntakwinja ananiuliza,
mwiko mkononi, mvuke usoni.

Sura ya pili inasema: kila kinachotoka
kiwe na safu yake na sababu yake.
Sawa.
Nimetafuta safu ya mkunjo wa nne.

Mwishoni mwa silabi kuna kurasa tatu tupu,
mistari tu, na juu yake: Maelezo ya Mwanafunzi.
Nazo zimo katika zile kumi.
Ndipo nimeipanga bajeti yangu hapo, kwa kalamu ya risasi,
herufi ndogo, nisimalize karatasi.

Jioni mama alipiga.
"Zilifika?"
"Zilifika zote."
"Silabi?"
"Ninayo, nimeilalia."
Kisha nikamwambia, mwezi ujao ikunje mara moja tu.
"Kwa nini?"
Nikasema unga unaganda kwenye mikunjo.

Hilo nalo nimeliandika upande wa matumizi,
kiasi sijakijaza.